Mbwa mwitu wa Isle Royale na chui wetu wa Unguja: kisiwa kinapokosa mla nyama mkubwa

#1 MaalimWaKusini

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Tulipokuwa watoto chuoni, tukifika Sura Yusuf, maalim wetu alikuwa akituama pale Nabii Yaaqub anapowaambia wanawe kuwa anachelea mbwa mwitu asije akamla mtoto. Siku moja mwenzetu akauliza: maalim, huyo dhi'b yukoje? Maalim akafikiri kidogo, akasema, ni kama chui wetu, ila ni mbwa. Jibu lile limenikaa kichwani miaka thelathini na ushei. Leo nasomesha sayansi skuli, na kila nikisoma habari za mbwa mwitu nalikumbuka. Wote wawili ni wala nyama wakubwa wa makwao. Na wote wawili walibebeshwa makosa: dhi'b wa sura ile hakumla Yusuf, alisingiziwa kwa kanzu iliyopakwa damu, na chui wetu mtanieleza wenyewe alisingiziwa nini.

Mwanzo tuelewane majina. Kiswahili kinawapa wanyama wawili jina moja. Kuna mbwa mwitu wa Sura Yusuf, mwenye makao yake Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, na hata jangwani Arabuni; Oman wapo mpaka leo. Na kuna wa bara kwetu, mwenye mabaka na masikio ya duara, ambaye ni aina mbali kabisa. Kwenye uzi huu nikisema mbwa mwitu namkusudia wa mwanzo. Wa pili nitamwita mbwa mwitu wa mabaka.

Sasa kisa chenyewe. Marekani kuna kisiwa kinaitwa Isle Royale, kimo ndani ya Ziwa Superior karibu na mpaka wa Kanada. Urefu wake kilomita 72, eneo lake kilomita za mraba 535 hivi, yaani nusu ya Pemba na kidogo juu. Hakina kijiji wala konde. Kina musi, jamaa wa kulungu wa nchi za baridi, dume lake linafika kilo 400 na pembe zake pana kama makafi ya ngalawa. Na kina mbwa mwitu wanaowala hao musi. Tangu mwaka 1958 wataalamu wanawahesabu karibu kila msimu wa theluji, kwa ndege ndogo, na hakuna pengine duniani mla na mliwa waliofuatwa pamoja kwa muda mrefu namna hiyo.

Musi walifika mwanzoni mwa karne iliyopita. Mbwa mwitu wakafika mwishoni mwa miaka ya 1940, ziwa lilipoganda wakavuka kwa miguu juu ya barafu. Wakati huo kisiwani kulikuwa na koyote, mnyama jamii ya bweha. Haikupita miaka kumi, koyote hakubaki hata mmoja. Mbwa mwitu huwa hamli koyote. Humuua tu kama mtu anavyomfukuza mwizi uani. Ila mbweha mwekundu, ambaye ni mdogo zaidi, alisalia, kwa sababu hashindani nao. Anakula sungura, na wakubwa wakishiba anakuja kuokota masalio.

Mwaka 1980 mbwa mwitu walifika 50, na hawajawahi kuzidi hapo. Miaka miwili baadaye walikuwa 14. Hakuna aliyewapiga risasi na chakula kilikuwa tele. Yaliingia maradhi ya mbwa wa nyumbani, virusi vya paavo, vinavyoaminika kuletwa na mbwa wa mgeni mmoja. Mbwa mmoja, chombo kimoja, basi.

Musi wakapata nafasi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa kama 2,400, wamekula kila kinacholika. Ukaja mwaka 1996 wenye baridi kali na kupe. Musi mmoja hubeba kupe makumi ya maelfu. Anajikuna kwenye miti mpaka manyoya yanatoka, anabaki na ngozi tupu kwenye theluji. Walikufa kwa njaa na baridi mpaka wakabaki kama 500. Natamani wanaosema mla nyama ni katili wakaangalie kifo cha namna ile.

Mbwa mwitu nao hawakupona sawasawa. Mwaka 1997 alivuka dume mmoja juu ya barafu kutoka Kanada, akaingiza damu mpya, wakachangamka kidogo. Lakini muda si mrefu karibu wote wakawa wazao wake, wakaendelea kuzaana wao kwa wao, uti wa mgongo ukaanza kuota vibaya. Mwaka 2016 walikuwa wamebaki wawili: baba na binti yake, na tena mama yao mmoja. Barafu siku hizi haigandi mara kwa mara kama zamani, kwa hiyo mgeni hatokei. Mwaka 2018 na 2019 wakaletwa 19 kwa ndege na mashua. Musi walikuwa wamepita 2,000. Kufikia 2024 mbwa mwitu walikuwa 30 na musi 840.

Sasa njooni kwetu. Unguja ni mara tatu ya kisiwa hicho. Tulikuwa na chui wetu, mdogo kuliko wa bara, madoa yake madogo madogo yaliyovunjikavunjika, wataalamu wakamwandika kwa jina lake mwaka 1932. Yeye hakuvuka barafu. Alikuwapo tayari, bahari ikapanda zama za barafu zilipokwisha, ikamfungia huku. Miaka hiyo yote akaishi, na katika umri wa mtu mmoja kaondoka.

Masuala yangu ni mawili. Nani anafanya kazi yake sasa? Na anaifanya vipi? Wakulima, wasasi, wazee, watu wa Pemba, karibuni.

#2 MsasiKizimkazi

Maalim, umegusa penyewe. Kazi yake tunaifanya sisi, na mbwa wetu.

Mimi nasasa tangu nina miaka kumi na mbili, nikimfuata ami yangu. Watu wa mjini hawajui maweni kukoje. Ardhi yote matumbawe, mapango, vichaka vya miba, nguruwe akiingia mle humuoni, unasikia tu. Tunatandaza nyavu upande mmoja, mbwa wanaingia upande wa pili. Mbwa wa mbele hambweki nguruwe mwenye nguvu vile vile anavyombweka dhaifu. Sauti inabadilika. Akikutana na dume zima lililoegemeza mgongo kwenye jiwe, anabweka kwa mbali, anakwenda mbele anarudi nyuma. Akiona linakimbia, sauti inakuwa moja ndefu na wenzake wote wanageukia huko.

Mwezi uliopita jike langu la mbwa lilipasuliwa ubavu. Nilimuosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, nikamshona mwenyewe kwa uzi wa mshipi, kichwa chake nimekibana mapajani, na halikulia. Sasa anatembea, ila akisikia nguruwe hatangulii tena. Anangoja.

Nyama hatuli, hilo mnalijua. Tunawaua kwa sababu ya muhogo. Usiku mmoja kundi likiingia konde, asubuhi unakuta matuta yamefukuliwa kama yaliyopitishwa trekta.

#3 MzeeWaPete

Waalaykumu salaam Maalim, na wengine nyote.

Mimi nilimuona chui. Sikusimuliwa. Nyumbani kwetu, karibu na msitu wa Jozani, banda la mbuzi lilikuwa limeunganishwa na ukuta wa chumba cha kulala, kwa makusudi, ili mbuzi wakishtuka baba asikie. Jina lake halikutajwa usiku. Bibi akisema "yule bwana", tunajua.

Sasa mwanangu umeuliza alisingiziwa nini. Watu walisema kuna chui wa Mungu na chui wa kufugwa. Wa kufugwa ni wa wachawi, wanamtuma kwa adui, anakula mbuzi wa fulani na wa fulani hamgusi. Mtu akikukhofu, basi chui aliyepita kwako ni wake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapita kampeni ya kuwaondoa wachawi na chui kwa pamoja. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na kidogo. Wakaja nao mmoja amefungwa miguu kwenye mti, kichwa kinaning'inia, watu wanatoka majumbani. Nilijipenyeza nikamshika sikio. Laini kama jani la mgomba ambalo halijafunguka. Nilikuwa nimemuogopa maisha yangu yote, na mwili wake ulikuwa haunishindi sana mimi mtoto. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Baba hakushangilia wala hakulaumu. Alisema tu: sasa tutajenga madungu mengi zaidi. Akajenga. Tukalala makondeni tukiwinga nguruwe na kima, sisi watoto, kwa madebe na mienge. Sijui kama nguruwe waliongezeka kwa hesabu, sikuwahesabu. Najua nilivyokosa usingizi.

#4 KijanaWaNungwi

Shikamoo mzee. Maalim, kuna video inazunguka sana, ile ya mbwa mwitu waliorudishwa Marekani wakabadilisha mpaka njia ya mito. Ikiwa mambo yenyewe ndiyo hayo, kwa nini serikali isilete chui wachache kutoka bara ikawaachia Jozani? Nguruwe watapungua, misitu itarudi. Au kuna siri gani?

#5 MaalimWaKusini

Mzee wangu wa Pete, Mungu akuweke. Hilo la sikio la chui nitawasimulia wanafunzi wangu.

Kijana, video ile nimeiona, na nilipoiona mara ya kwanza nilitoka machozi. Nikaisomesha darasani mwaka mzima. Baadaye nikasoma zaidi, ikabidi nirudi mbele ya darasa lile lile niseme kuwa nimewapa habari nusu. Basi niseme na hapa.

Lililo hakika ni hili. Yellowstone, hifadhi ya Marekani ya kwenye video ile, mbwa mwitu wa mwisho waliuawa mwaka 1926. Mwaka 1995 na 1996 wakaletwa 31 kutoka Kanada. Elki, ambao ni kulungu wakubwa lakini si kama musi, walikuwa kama 19,000 katika kundi la kaskazini. Kufikia 2013 walikuwa kama 4,000. Koyote wakapungua sana, baadhi ya mabonde walibaki nusu. Na hapo tazama jambo la ajabu: kuna mnyama anafanana na swala anaitwa pronghoni, vitoto vyake vikaanza kupona kwa wingi. Koyote ndiye aliyekuwa akivimaliza. Mbwa mwitu hashughuliki na kitoto cha kilo tatu, lakini anamfukuza anayekishughulikia. Kwa hiyo adui wa swala akamwokoa mtoto wa swala. Hili hata video hailitilii mkazo, na kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote.

Lenye mzozo ni la mito na miti. Pahala pengine mierebi, miti ya kando ya mito, ilirefuka, na biva, wanyama wa majini wanaoguguna miti, wakarudi kujenga mabwawa yao. Pahala pengine haikurefuka, mpaka leo. Kwa sababu miaka 70 bila mbwa mwitu, elki walikula mierebi, biva wakakosa chakula wakaondoka, mabwawa yakabomoka, kijito kikachimba chini, maji ya ardhini yakashuka. Mwerebi sasa hata usipoliwa na elki, mizizi haifiki majini. Wataalamu walizungushia uzio na kujenga mabwawa ya majaribio kwa miaka 20, wakaona kuwa kumzuia elki peke yake hakutoshi, maji lazima yarudi. Na tena elki hawakupunguzwa na mbwa mwitu pekee. Dubu waliongezeka, puma, paka mkubwa wa Amerika, waliongezeka, wawindaji walikuwa nje ya mpaka wa hifadhi na bunduki, na ukame ukapita.

Ukishakitoa kitu kwenye nyumba, nyumba haikai ikikungoja. Kuta zinahama.

Kuhusu kuleta chui: wa bara si yule wetu. Na Isle Royale haina watu wanaoishi, Jozani imezungukwa na vijiji. Nani atamlipa mama wa Ukongoroni mbuzi wake? Mimi sioni kwa leo. Walitokea wapiga filamu mwaka 2018 na picha ya mnyama wa usiku wanaesema ni chui wa Unguja, watu wakafurahi, lakini haijathibitika mpaka sasa. Mtego wa kamera uliowekwa mwaka 2003 kumtafuta chui uliwapiga picha wanyama wengine, ikiwa pamoja na uchui wetu, mnyama mdogo jamii ya fungo, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kupigwa picha akiwa hai. Yaani msitu ule bado una wala nyama wadogo wanaotembea usiku na sisi tumelala: uchui, ngawa, fungo, cheche. Hao nao mkubwa wao kaondoka. Wanafanya nini sasa, nani anamla nani? Hilo kwangu ni suala zito kuliko la kuleta chui.

#6 MwongozaWageni_Ruaha

Mimi mtu wa Makunduchi lakini kazi yangu iko bara, hifadhi ya Ruaha, mwaka wa kumi na moja huu. Niongeze kwa upande wa mbwa mwitu wa mabaka, maana habari ya wala nyama kunyang'anyana nnaiona kwa macho.

Hawa wetu ni mafundi wa kuwinda kuliko simba. Lakini wana mwili wa kilo ishirini na kitu. Asubuhi moja walimuangusha swala pala mbele ya gari yetu. Hawakupigana wao kwa wao, watoto wa mwaka ule ndio waliopishwa kula mwanzo, wakubwa wamekaa pembeni wanatazama nyuma. Kwa nini wanatazama nyuma? Fisi. Kabla ya dakika kumi fisi watatu walikuwa wameshafika. Mbwa mwitu wakamng'ata mmoja matako mpaka akakaa chini kuyaficha, wakapata muda wa kumaliza paja la pili. Simba akitokea ndio hawabishani kabisa, wanaacha. Simba hawahitaji kuwala. Wanawaua tu, kama Maalim alivyosema mbwa mwitu na koyote.

Ndiyo maana penye simba na fisi wengi sana mbwa mwitu wa mabaka wanakuwa wachache. Serengeti walitoweka uwandani mwaka 1991, wakaanza kurudishwa 2012.

Na huko Yellowstone dubu anawanyang'anya mbwa mwitu mizoga yao vile vile. Mtu atafikiri wakinyang'anywa wataua zaidi kufidia. Walipopima wakaona kinyume: penye dubu wanaua mara chache zaidi. Wanabaki kuuzunguka mzoga, wanangoja dubu ashibe. Mnyama mwenye njaa hapendi kuacha nyama iliyo mbele yake akaanze kukimbia upya.

Jambo la mwisho. Wageni wakija wanauliza yupi ni mfalme wa kundi. Kundi la mbwa mwitu wa Maalim ni familia: baba, mama, watoto wa mwaka huu na wa mwaka jana. Habari ya dume linalotawala kwa kupigana ilitokana na kuwachunguza waliofungiwa pamoja bila udugu. David Mech, mtaalamu wa mbwa mwitu aliyeieneza katika maandishi yake ya mwaka 1970, mwenyewe alitumia miaka mingi baadaye kuikanusha.

#7 BintiMicheweni

Maalim na wakubwa wote, shikamooni. Naona Pemba imesahauliwa, ela nyie wa Unguja ndio desturi yenu.

Pemba hatukuwa na chui. Mkondo wa Pemba ni kina cha mamia ya mita, bahari iliposhuka zamani Unguja iliungana na bara lakini siye tulibaki kisiwa. Ndiyo maana hatuna kima punju wetu wa asili. Waliopo msitu wa Ngezi waliletwa miaka ya 1970. Nguruwe wetu pia si wale wenu wenye manyoya meupe mgongoni. Wetu ni wa kufugwa walioingia mwituni, wazee wanasema waliachwa na Wareno.

Sasa mie nataka kumuuliza Maalim. Ikiwa Unguja mnasema nguruwe wanasumbua kwa sababu chui kaondoka, Pemba wanasumbua kwa sababu gani? Baba yangu amelala dungu miaka yote ya ujana wake, na chui hakuwahi kuwepo. Tumbili wanakuja mchana kweupe, wanang'oa muhogo, wanauma kipande, wanatupa, wanang'oa mwengine. Ukimtuma mwanamke kuwinga hawamuogopi, wanamtazama. Akija mwanamme na mbwa ndio wanakimbia.

Na paa nunga wenu wa Unguja vilevile. Chui ameondoka miaka mingi sasa, basi paa angekuwa ameongezeka. Hakuongezeka, kapungua, mpaka ikabidi wengine wapelekwe kisiwa kidogo cha Chumbe wakae salama. Kwa hiyo siye watu tunakula zaidi ya chui, na msitu tunakata juu yake.

#8 DaktariWaMifugo

Dada wa Micheweni kasema kweli, na mimi niongeze la maradhi, kwa kuwa Maalim amelitaja la paavo akapita haraka.

Mbwa wa nyumbani ndiye daraja. Ethiopia kuna mbwa mwitu wa aina yake, mwekundu, anaishi milimani Bale anakula fuko wakubwa. Dunia nzima wamebaki kama mia tano. Mwaka 2003 kichaa cha mbwa kiliingia kutoka kwa mbwa wa wafugaji, katika bonde moja wakafa karibu robo tatu. Wakachanjwa wao, na mbwa wa vijijini pia.

Na Pemba imeshaonja. Kisiwa kilikuwa kimefika kumaliza kichaa cha mbwa mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi, kimeletwa na mbwa kutoka nje ya kisiwa. Chanjo ikapigwa upya vijijini, kufikia mwishoni mwa 2018 kikawa kimekwisha tena. Kisiwa kina faida hiyo, ukisafisha unaweza kukaa safi. Lakini mbwa mmoja ndani ya jahazi anatosha kuharibu.

Msasi wangu wa Kizimkazi, hao mbwa wako wamechanjwa? Nakuuliza kwa mapenzi. Wanaingia kichakani kila wiki, wanang'atana na kila kitu, na wakirudi wanalala na watoto wako uani. Kuhusu kushona kwa uzi wa mshipi, umefanya kwa uwezo wako, lakini mara nyengine mlete.

#9 MaalimWaKusini

Dada wa Micheweni, umenishika pazuri na sitajitetea. Pemba ndiyo kipimo tulichopewa bure: kisiwa jirani, muhogo ule ule, bila chui tangu mwanzo. Nguruwe wanasumbua huko na huku. Kwa hiyo siwezi kusema chui kaondoka ndipo nguruwe wakaja, hata kama moyo wangu unapenda kusema hivyo. Na la paa nunga linakata kabisa. Nakubali.

Nilichobaki nacho ni kitu chengine, na ameniletea Msasi bila kujijua. Sauti ya mbwa wake.

Huko Isle Royale, David Mech aliyetajwa hapo juu, akiwa kijana, aliwafuata mbwa mwitu kwa ndege akaona wakiwajaribu musi 77. Waliouawa ni 6. Musi aliyesimama akageuka uso kwa uso, mara nyingi waliondoka wakamwacha. Wanajaribu, wanaangalia, wanachagua. Na kwa zaidi ya miaka sitini watu wa utafiti ule wanaokota mifupa msituni, mataya na magoti, wanayapanga. Jino la musi ukilikata lina mistari kama ya mti, unahesabu miaka. Wameona walioliwa wengi ni watoto, na wazee wenye ugonjwa wa viungo. Wenye nguvu wa umri wa kati ni wachache. Mbwa mwitu anakula pembeni mwa kundi, katikati anapaacha pazae.

Sisi tunaofanya kazi ya chui tunakula wapi? Pembeni au katikati? Simjui mtu aliyewahi kuangalia hapa kwetu. Msasi, ndugu yangu, ukiua nguruwe mifupa inakwenda wapi?

#10 MsasiKizimkazi

Daktari, wawili wamechanjwa, watatu bado. Nitawaleta, nakuahidi, niambie siku.

Maalim, tunawaacha pale pale au tunawafukia. Wakati mwengine wapo wanaokuja kununua kwa ajili ya watu wanaokula. Mifupa hakuna anayeiangalia.

#11 UmmuSalma

Samahanini, mie msomaji tu. Maalim, usije ukaanza kukusanya mataya ya nguruwe skuli. Ni najisi, na wazazi watakujia juu.

#12 MaalimWaKusini

Umesema vyema mama, na sitaki kumbebesha mtu jambo la dini yake. Sihitaji kugusa wala kubeba. Nahitaji picha tu, hapo hapo alipoangukia. Msasi, ukiweza: mfungue mdomo kwa kijiti, piga picha ya magego ya nyuma, weka kijiti kilichopimwa pembeni. Gego la mwisho kama halijatoka, bado mdogo. Likiwa limetoka na bado lina vilima, mzima. Likiwa limelika limekuwa tambarare kama sahani, mzee. Kisha andika dume au jike, na miguu yake ikoje, ina uvimbe kwenye vifundo au haina. Na mbwa walibweka vipi. Hili la mwisho usiliache.

#13 MwongozaWageni_Ruaha

Maalim, mimi nitakutafutia picha za meno ya nguruwe wa huku za kulinganisha.

#14 MsasiKizimkazi

Maalim, jana tulitoka alfajiri, maweni ya upande wa Muyuni. Wanne. Picha nimekutumia pembeni, huku siziweki kwa ajili ya watu.

Watatu ni watoto, magego ya nyuma hayajatoka kabisa, mmoja dume wawili majike. Hao mbwa waliwakimbiza kwa sauti ile ndefu.

Wa nne jike zima. Gego la mwisho limetoka, lina vilima bado. Miguu mizuri haina uvimbe. Aligeuka akasimama, mbwa wakabweka kwa mbali wakarudi nyuma, wangemwacha. Tulimchoma mkuki sisi. Tulipompasua tumboni alikuwa na wanne.

#15 MaalimWaKusini

Nimeandika. Watatu pembeni, mmoja katikati na wanne tumboni mwake. Jike lako la mbwa lilikuwepo?

#16 MsasiKizimkazi

Lilikuwepo. Lilikaa miguuni kwangu.